Mnunuzi wa Mbali: Historia ya Ukaguzi wa Chakula Kinachotoka Jinja na Mashariki ya Uganda

Mpumudde, kilima kilicho upande wa kaskazini-magharibi mwa mji wa Jinja, kinatajwa katika vitabu vya historia hasa kwa sababu Omukama Kabalega wa Bunyoro alifia hapo tarehe 6 Aprili 1923, akiwa njiani kurudi kwao baada ya miaka mingi ya uhamisho katika visiwa vya Shelisheli. Historia ya biashara ya mji huohuo haijaandikwa kwa bidii kama hiyo, ingawa ndiyo iliyoamua riziki ya wakazi wengi wa Mpumudde, Walukuba na Masese kwa zaidi ya karne moja. Mazao yaliyopita Jinja, kuanzia pamba hadi minofu ya samaki, yalikwenda kwa wanunuzi ambao hawakuwahi kuuona mji huo, na kila kizazi cha wanunuzi kililazimika kutafuta namna ya kumjua muuzaji asiyemwona. Ukifuatwa kwa makini, mfululizo wa namna hizo unaonyesha kwamba usalama wa chakula uliacha polepole kuwa jambo la kuthibitishwa kwenye chakula chenyewe, ukawa jambo la kuthibitishwa kwenye maandishi na kwa mamlaka inayoweza kuyajibia, na kwamba waliobeba sehemu kubwa ya gharama za mabadiliko hayo ni watu wa ufukweni na wa shambani.

Mwanzo wa mfululizo huo haukuhusu chakula. Mbegu za pamba za kibiashara ziliingizwa Uganda mwaka 1903, na baada ya miaka michache tu wenye viwanda vya nguo wa Uingereza walianza kulalamika kwamba pamba ya Uganda ilikuwa mchanganyiko wa nyuzi ndefu na fupi, chafu na safi, kiasi kwamba hawakuweza kuitegemea. Jibu la Gavana Hesketh Bell lilikuwa sheria ya pamba ya mwaka 1908, iliyoipa serikali uwezo wa kuamua mbegu zitakazopandwa, ikaamuru aina zisizotakiwa zing'olewe, na ikaondoa mashine ndogo za mkono za kuchambulia pamba ili kazi hiyo ifanywe viwandani chini ya uangalizi. Hapo ndipo utaratibu ulipowekwa ambao ungerudiwa mara nyingi: lalamiko linatolewa ng'ambo, sheria inatungwa na serikali ya kikoloni huko Entebbe, na anayebadilisha mwenendo wake ni mkulima, ambaye hakuulizwa. Ubora wa pamba, hata hivyo, ulionekana kwa macho na kupimwa kwa vidole, kwa hiyo mnunuzi wa Liverpool angeweza kulifungua robota na kuamua mwenyewe. Chakula kilikuja na ugumu mwingine, kwa kuwa kinachodhuru ndani yake mara nyingi hakina rangi, harufu wala ladha.

Ugumu huo ulijulikana kwa ghafla mwaka 1960, pale batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa katika mashamba ya Uingereza kwa ugonjwa ambao haukujulikana, na uchunguzi ukaelekea kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili na kuchanganywa kwenye chakula chao. Wanasayansi walipopanua uchunguzi walikuta kwamba karanga za nchi nyingine pia zilikuwa na sumu, na ilikuwa katika sampuli ya karanga za Uganda, iliyokuwa na sumu kali sana, ambapo mwaka 1961 walitenga ukungu uitwao Aspergillus flavus, ambao ndio ulioipa sumu hiyo jina la aflatoksini. Ukungu huo humea kwenye karanga na nafaka zilizoanikwa vibaya au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu, na sumu yake haiondoki kwa kupika. Mtu anayeila kwa wingi huweza kufa kwa kuharibika ini, na anayeila kidogo kidogo kwa miaka huongeza hatari ya kupata saratani ya ini. Waagizaji wa Ulaya walijifunza kutokana na kisa hicho kwamba gunia linaloonekana zuri linaweza kuua, na kwamba kupima bandarini hakutoshi, kwa sababu sumu hiyo haisambai sawasawa: punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia zima, na mpimaji akichota pasipokuwa nazo atatoa cheti safi kwa mzigo mbaya. Jambo moja lililofuata halikuwagusa waagizaji hata kidogo. Mwaka 1966 na 1967 watafiti walikusanya sampuli 480 za vyakula vya wananchi kutoka sehemu mbalimbali za Uganda, wakakuta aflatoksini katika karibu sampuli 3 kati ya kila 10. Chakula hicho hakikuwa kinakwenda ng'ambo, na hakuna mnunuzi wa mbali aliyekuwa na sababu ya kukizuia.

Hata hivyo, kisa kilichoifundisha Jinja maana kamili ya ukaguzi wa mnunuzi wa mbali ni kile cha sangara, samaki ambaye Waganda na Wasoga humwita mputa na Waluo humwita mbuta. Sangara hakuwa mwenyeji wa Ziwa Viktoria. Aliletwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 kutoka maziwa ya upande wa magharibi na kaskazini, licha ya pingamizi la baadhi ya wanasayansi, akiwemo Geoffrey Fryer wa taasisi ya utafiti wa uvuvi iliyoanzishwa Jinja mwaka 1947, aliyeandika mwaka 1960 kuonya kwamba mla samaki mkubwa kiasi hicho angevuruga ziwa lote. Samaki wadogo wa asili waliangamia kwa mamia ya spishi, na kufikia miaka ya 1980 sangara alikuwa amejaa. Wawekezaji wakajenga viwanda vya minofu kuzunguka ziwa, Masese ya Jinja ikiwa miongoni mwa vituo vyake, na kabla ya miaka ya 1990 kumalizika samaki alikuwa amepanda hadi nafasi ya pili nyuma ya kahawa katika bidhaa ambazo Uganda iliuza nje. Minofu mibichi ilipakiwa na barafu katika masanduku mepesi, ikapelekwa Entebbe na kupandishwa ndege, na baada ya siku chache ililiwa Ubelgiji, Uholanzi au Hispania.

Biashara hiyo ilikua wakati Ulaya ikibadilisha kanuni zake. Agizo la Jumuiya ya Ulaya namba 91/493 la Julai 1991 liliweka masharti ya afya kwa samaki wote watakaouzwa katika soko lake, na kuhusu samaki wa kutoka nje lilidai mambo mawili ambayo hayakuwa ya kawaida. La kwanza ni kwamba kila nchi inayouza iwe na mamlaka moja ya serikali, iliyotambuliwa na Brussels, ambayo itavikagua viwanda, kuvipa namba za idhini na kutia saini cheti cha afya cha kila shehena. La pili ni kwamba kila kiwanda kijidhibiti chenyewe kwa mfumo wa kuchambua hatari na kusimamia hatua nyeti, unaojulikana kwa ufupisho wa HACCP, ambao ulibuniwa katika miaka ya 1960 na kampuni ya Pillsbury ya Marekani ilipokuwa ikiandaa chakula cha wanaanga. Maana ya mfumo huo ni kwamba badala ya kusubiri bidhaa ikamilike ndipo ipimwe, mwenye kiwanda anatafuta mapema ni wapi katika mtiririko wa kazi hatari inaweza kuingia, anaweka kipimo kisichopitwa mahali hapo, kwa mfano joto la chumba au kiasi cha klorini katika maji ya kuoshea, na anaandika kipimo hicho kila kinapochukuliwa, ili mtu asiyekuwepo aweze kusoma baadaye yaliyotokea.

Kwa miaka ya mwanzo masharti hayo yalikaa kwenye karatasi. Kisha mwaka 1997 Hispania na Italia zikakuta vimelea vya salmonela, ambavyo husababisha homa na kuhara, katika minofu ya sangara wa Ziwa Viktoria, na shehena zikaanza kupimwa moja baada ya nyingine. Tarehe 23 Desemba mwaka huohuo, kipindupindu kikiwa kimeenea Afrika Mashariki baada ya mvua kubwa za El Niño, Tume ya Ulaya ilizuia samaki wabichi kutoka Uganda, Kenya, Tanzania na Msumbiji. Shirika la Afya Duniani na lile la Chakula na Kilimo yalieleza kwamba hatari ya kipindupindu kuenezwa na samaki wa kibiashara kutoka nje ilikuwa ndogo mno, hasa kwa kuwa vimelea hivyo hufa samaki anapopikwa, lakini zuio liliendelea hadi katikati ya mwaka 1998. Hukumu ya haki ni kwamba zuio hilo halikuwa na msingi imara wa kisayansi, ila lilifichua udhaifu wa kweli: mialo mingi, yaani sehemu za ufukweni ambako samaki hushushwa, haikuwa na maji safi, vyoo, sakafu ya saruji wala barafu, na samaki walitupwa juu ya mchanga kabla ya kupakiwa.

Zuio zito zaidi lilikuja mwaka 1999. Zilipotokea habari kwamba baadhi ya wavuvi walikuwa wakimwaga viuatilifu, yaani dawa za kuulia wadudu wa mashambani, ndani ya ziwa ili samaki waelee juu wakiwa wamekufa, serikali ya Uganda ilisitisha yenyewe mauzo ya samaki Ulaya mwezi Machi, na mwezi Aprili Tume ya Ulaya ikaweka zuio rasmi. Samaki walipopimwa, masalia ya sumu hayakukutwa katika viwango vya kutisha. Mtu asiyejua mambo ya uagizaji angetarajia biashara ifunguliwe hapo hapo, lakini haikufunguliwa kwa zaidi ya mwaka, kwa kuwa swali la mnunuzi lilikuwa limekwisha kubadilika. Wakaguzi wa Tume hawakuuliza tena kama samaki huyu ana sumu. Waliuliza ni nani Uganda anayejua kwamba samaki wa kesho hatakuwa nayo, anapima mara ngapi, kwa maabara ipi, kwa sheria ipi, na akikuta sumu anachukua hatua gani. Majibu hayakuwepo. Kazi ya ukaguzi ilikuwa imegawanyika kati ya Shirika la Viwango la Taifa na Idara ya Uvuvi, kila moja ikidai mamlaka, na vipimo vya masalia ya viuatilifu vililazimika kufanywa katika maabara za nje.

Gharama ya kukosa majibu ilikadiriwa kuwa zaidi ya dola milioni 36 kwa Uganda peke yake. Baadhi ya viwanda vilifungwa na vilivyobaki vilipunguza wafanyakazi wengi, lakini makadirio ya namna hiyo huhesabu kilichopotea viwandani na hayagusi kilichopotea ufukweni, kwa mvuvi aliyepunguziwa bei, mchuuzi wa barafu, fundi wa mitumbwi, mpakiaji wa mizigo na mama wa Walukuba aliyekuwa akinunua mifupa ya samaki mlangoni mwa kiwanda. Mashirika ya kimataifa, hasa lile la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda, yalisaidia kufundisha wakaguzi na kurekebisha viwanda. Wenye viwanda, waliokuwa wameunda chama chao tangu mwaka 1993, walikubaliana kusimamiana, kwa kuwa walitambua kwamba shehena chafu ya mmoja ingewafungia wote. Kanuni za ubora wa samaki zilizotungwa mwaka 1998 zilianza kusimamiwa kwa dhati. Na Idara ya Uvuvi ikafanywa mamlaka pekee. Zuio liliondolewa mwaka 2000, na mwaka uliofuata Uganda iliingizwa katika orodha ya kwanza ya nchi ambazo Ulaya inaziamini kikamilifu kwa samaki. Kufikia mwaka 2005 mauzo yalikuwa takribani tani 39,000, yenye thamani ya karibu dola milioni 143.

Mabadiliko hayo yanaonekana vizuri zaidi pale gari lenye barafu linapofika kwenye mlango wa mapokezi wa kiwanda. Dereva hukabidhi kwanza hati ya mkaguzi wa mwalo, inayoeleza samaki wametoka wapi na wamekaguliwa lini, na bila hati hiyo mlango haufunguliwi hata kama samaki bado wanang'aa. Kisha mkaguzi wa kiwanda humchukua samaki, akachoma kipimajoto katika nyama nene ya mgongo, akafunua matamvua aone kama bado ni mekundu, akabonyeza ubavu aone kama nyama inarudi, akanusa, na baada ya kila tendo akaandika. Ndani, wafanyakazi waliovaa mabuti meupe hupita kwenye dimbwi la dawa kabla ya kukanyaga sakafu ya kukatia, na sanduku la mwisho hupigwa namba inayounganisha minofu iliyomo na siku, gari na mwalo. Tangu mwaka 2005, kifungu cha ufuatiliaji cha kanuni ya jumla ya chakula ya Ulaya ya mwaka 2002 kilipoanza kutekelezwa, kila mfanyabiashara wa Ulaya lazima aweze kusema alinunua kwa nani na alimuuzia nani, kwa hiyo kosa likigunduliwa katika duka la mbali, taarifa hupita katika mtandao wa dharura wa Umoja wa Ulaya na namba ya sanduku huwarudisha wachunguzi hadi ufukweni ndani ya muda mfupi. Jambo la kustaajabisha katika kazi hiyo ni kwamba ujuzi wa pua na vidole, ambao wachuuzi wa Masese walikuwa nao tangu zamani, haukufutwa. Uliandikwa tu, na mwenye kuuandika ndiye aliyepata sauti.

Marekani ilifikia lengo lilelile kwa njia nyingine. Kanuni yake ya samaki, iliyotangazwa Desemba 1995 na kuanza kutumika Desemba 1997, na baadaye sheria ya usalama wa chakula iliyotiwa saini Januari 2011, haziiachii kazi serikali ya nchi inayouza, bali zinamwajibisha mwagizaji aliye Marekani. Chini ya kanuni za mwaka 2015 zinazotokana na sheria hiyo, zilizoanza kutekelezwa kwa waagizaji wa kwanza mwishoni mwa Mei 2017, mwagizaji wa vyakula vingi anapaswa kuchambua hatari zinazoweza kuwamo katika kila chakula, kutathmini historia na mwenendo wa msambazaji wake wa nje, kuamua namna ya kumhakiki, iwe kwa kumtembelea, kwa kupima sampuli au kwa kusoma rekodi zake, na kuhifadhi ushahidi wa maandishi wa yote hayo. Ikiwa hatari iliyopo inaweza kusababisha ugonjwa mzito au kifo, kwa kawaida lazima ukaguzi ufanyike kwa msambazaji kabla ya kununua kwa mara ya kwanza na kila mwaka baada ya hapo, na tathmini nzima irudiwe angalau kila miaka mitatu. Kanuni hizi zinahusu pia kahawa ya Arabika ya Mlima Elgon, ambayo kwa miongo mingi imepita mikononi mwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Bugisu, kilichoanzishwa Mbale mwaka 1954. Huko hatari inayofuatiliwa zaidi ni okratoksini, sumu nyingine ya ukungu inayotokea buni inapokaa na unyevu, na Ulaya imeshusha kiwango chake cha juu katika kahawa iliyokaangwa kutoka mikrogramu 5 kwa kilo hadi 3 tangu Januari 2023. Mkulima wa Bugisu, anayeanika buni juu ya turubai mvua ikinyemelea, ndiye anayeamua kama kiwango hicho kitafikiwa, ingawa jina lake halimo katika faili la mwagizaji.

Mnunuzi wa mbali si lazima awe Mzungu. Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya aflatoksini, malori yakakwama kwenye mipaka ya Malaba na Busia, na bei ikaanguka kwa wakulima na wafanyabiashara wa mashariki ya Uganda, ambao njia yao ya kawaida ya soko inaelekea mpakani. Siku chache baadaye zuio liligeuzwa kuwa masharti: waagizaji wajisajili, waeleze maghala yao, na kila mzigo uwe na cheti kinachothibitisha kuwa aflatoksini haizidi sehemu 10 kwa kila bilioni. Wengi nchini Uganda waliliona zuio hilo kuwa hila ya kibiashara, na namna lilivyotangazwa ghafla, bila jirani kupewa nafasi ya kujirekebisha, inastahili kulaumiwa. Lakini hofu ya Kenya ilikuwa na msingi, kwa kuwa mwaka 2004 watu 125 walikufa, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, mahindi yaliyolimwa Kenya kwenyewe.

Kisa hicho kinarudisha suala la mlaji wa nyumbani, ambalo historia hii yote imelipita kando. Minofu ya sangara ilipokuwa ikipimwa kwa kila hatua na kupelekwa Entebbe, kilichobaki kiwandani kiliuzwa kwa wenyeji: vichwa na mifupa, vinavyoitwa mgongo wazi upande wa Kenya na mapanki upande wa Mwanza, vilibebwa wazi, vikakaangwa au kukaushwa, na kuuzwa katika masoko ya mitaa kwa watu ambao hawakuwa na uwezo wa kununua samaki mzima. Wakaguzi walikuwepo, maabara zilikuwepo, na sheria ilikuwepo, lakini vyote vilikuwa vimejengwa kuelekea uwanja wa ndege. Hakuna sababu ya kisayansi ya kufanya hivyo, kwa kuwa ini la mtoto wa Mpumudde halina kinga zaidi ya ini la mtoto wa Antwerp. Sababu ilikuwa ni kwamba mnunuzi wa mbali alikuwa na uwezo wa kukataa, na wa karibu hakuwa nao.

Nchi za Afrika Mashariki zina kiwango cha pamoja cha mahindi, ambacho kinaweka ukomo uleule wa aflatoksini wa sehemu 10 kwa bilioni ambao Kenya iliutumia mpakani mwaka 2021. Kiwango hicho kinayahusu mahindi yote yanayokusudiwa kuliwa na binadamu, yanayovuka Malaba na yanayobaki kusagwa unga wa posho katika shule za Jinja na Mbale. Halmashauri na wizara zinazoinunulia shule na hospitali chakula ni wanunuzi kama wengine, na zina haki ya kudai cheti kilekile kwa msambazaji kabla gunia halijashushwa.